Insha ya Kiboko Ilivyosahihishwa na Chura

Hodi ya ngano! Wenyewe mpo?

Tupo, ingia!

Niingie na mguu gani?

Na wa uongo!

Na wa kweli niuache wapi?

Uuache nje, ukanyagwe na mbuzi!

Haya, nimeingia. Ila kabla sijakaa niwaambie kitu, halafu sikirudii. Ngano hii ni ya mambo ya shule, na mimi na shule tulipishana mlangoni. Nilifika darasa la saba nikaanguka, nikarudishwa la sita nikaanguka na huko, mwalimu akasema, "Kijana, tukikurudisha zaidi tutakukuta chekechea." Kwa hiyo nikitaja neno kubwa msinishike shati. Nalitaja tu, kwao sikujui.

Basi, hapo zamani, wanyama walianzisha ngumbaru. Ngumbaru mnaijua, shule ya watu wazima, mtu na mvi zake anaimba a-e-i-o-u kama kasuku. Walisomea kando ya chemchemi, maana kiangazi kilikuwa cha hasira. Mto umekauka, visima vimekauka, hata mate yanatoka kwa foleni. Chemchemi ile tu ndiyo ilibaki.

Mwalimu alikuwa Korongo. Akifika asubuhi anasimama kwa mguu mmoja, darasa zima linaamka.

"Shikamoo mwaaalimu!"

"Marahaba. Kaeni. Nyumbu, hapo ulipokaa ni juu ya mwenzio."

Wote walisomea nchi kavu isipokuwa wawili. Wa kwanza ni Kiboko. Kiboko alisomea majini, maana ngozi yake na jua hawasalimiani. Tena hakukaa pembeni. Alikaa katikati kabisa, tako lake limeziba jicho la chemchemi, pale maji yanapotokea. Maji yakawa yanatoka kwa kuomba ruhusa: pi... pi... pi...

Wa pili ni Chura, mama wa watu, mdogo kama kifuniko cha chupa. Yeye alikuwa na viluwiluwi wake kwenye kona ya chemchemi, wamejibana kwenye maji ya kimo cha kidole. Na hapo ndipo penye kazi. Kiboko akigeukia kushoto, pwaa! Wimbi linawatupa viluwiluwi topeni. Chura anaruka chopu, chopu, chopu, anawarudisha mmoja mmoja kwa mdomo. Kiboko akigeukia kulia, pwaa! Viluwiluwi topeni. Chopu, chopu, chopu. Hajapumzika, Kiboko anajinyoosha. Pwaa!

Chura akamwendea. "Mzee Kiboko, samahani. Hao unaowarusha ni watoto wangu."

"Watoto?" Kiboko akainamisha kichwa. "Mimi nilidhani ni nukta. Nikajua kuna mtu kamwaga nukta za insha yake."

Akacheka, na alipocheka, pwaa!

Siku moja baraza la wanyama likakaa. Wakasema maji yanaisha, lazima awepo Mlinzi wa Chemchemi, mmoja, akisema neno linafuatwa. Lakini tumchague vipi? Tukipigana tutamalizana, na kiu ipo pale pale. Wakaamua wafanye kisomi, tumesoma bure? Atakayepata alama za juu kwenye insha, huyo ndiye Mlinzi.

Korongo akaandika ubaoni. "Mada yetu ni falsafa ya mazingira. Swali: Mazingira ni ya nani? Alama thelathini. Methali zisipungue nne."

Nyumbu akanyoosha mkono. "Mwalimu, hata kama hazihusiki?"

"Hasa kama hazihusiki. Ndiyo insha."

Sasa mtaniuliza, falsafa ni nini? Mimi nilivyoelewa, unachukua kitu ambacho kila mtu anakijua, unakiulizauliza mpaka hakuna anayekijua tena. Kama ni hivyo basi na mimi nilikuwa mwanafalsafa, maana hesabu zote za darasani kwetu zilikuwa zinajulikana mpaka niliposimama kuzijibu.

Wakaandika. Fisi aliandika vizuri ila akala karatasi. Nyumbu aliandika "kama ya huyu wa pembeni yangu". Kiboko aliandika kurasa arobaini, maana kwa mwandiko wake maneno mawili ndiyo ukurasa.

Kesho yake Korongo akaziangalia insha, akaiona ya Kiboko, akameza mate. Mjue kwamba Korongo chakula chake alikuwa anakilia mgongoni kwa Kiboko. Kupe wa asubuhi, kupe wa mchana, kupe wa jioni. Sasa nani anaipigia mkasi mwekundu wa kukosa meza yake ya chakula? Na akimpa thelathini bure, darasa litapiga kelele. Akafanya lile ambalo walimu wangu wote walilifanya wakichoka.

"Badilishaneni madaftari!" akasema. "Kila mtu amsahihishe jirani yake. Aseme uzuri wa insha, aseme udhaifu wa insha, atoe alama. Mwenye insha afanye masahihisho. Bila masahihisho alama haihesabiki."

Jirani wa Kiboko ni nani? Ni Chura. Wakabadilishana.

Kiboko akalifungua daftari la Chura. Ndani kulikuwa na mistari miwili tu: "Mazingira ni ya nani? Nimewauliza watoto wangu, hawajaota bado midomo ya kujibia. Nawasubiri."

"Hamna methali hata moja!" Kiboko akafoka. "Hii ni insha au ni barua ya kuomba udhuru?" Akachora sifuri kubwa, sifuri yenye kitambi, mpaka daftari likatoboka.

Halafu akasogeza mdomo karibu na Chura, taratibu. "We kachura. Nataka thelathini. Ikipungua hata nusu, nakukalia."

"Sawa, mzee."

Hebu jiwekeni hapo. Akimpa thelathini, Kiboko ndiye Mlinzi, hatoki tena pale, na viluwiluwi watakauka kama dagaa juani. Akimpa ishirini na tisa, anakaliwa. Na mtu akishakaliwa na kiboko, jamani, hakuna rufaa. Ingekuwa mimi ningeomba ruhusa ya kwenda chooni, nisirudi. Ndivyo nilivyomaliza elimu yangu.

Lakini Chura hakwenda chooni. Alichukua peni nyekundu, akasoma. Insha ilisema hivi:

"Wahenga walinena, wakasema na wakatamka kuwa haba na haba hujaza kibaba. Mazingira ni nini? Mwalimu alitufundisha ni vitu vyote vinavyomzunguka kiumbe. Kiumbe ni mimi. Kama vinanizunguka, basi mimi niko katikati. Na kitu cha katikati ndicho mwenyewe, kama kiini cha yai. Kwa hiyo mazingira ni yangu. Wapo wanaolalamika kuhusu maji, lakini kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mvua nayo imechelewa, ila haraka haraka haina baraka. Mwisho nawashauri wanyama wote watunze mazingira kwa kuniacha nilale. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ahsante."

Msicheke. Insha yangu ya mwisho ilianza hivyo hivyo, na ilihusu ajali ya baiskeli.

Chura alipofika kwenye ile methali ya kelele za chura, aliinua macho. Akawaangalia watoto wake kule konani. Kisha akaweka alama ya vema, akaendelea.

Alipomaliza akarukia juu ya jiwe, chopu!

"Uzuri wa insha," Chura akasoma. "Mwandiko ni mkubwa, hata kipofu akipapasa anasoma. Methali zipo nne kamili. Na hoja, wenzangu, hoja ina nguvu. Mwandishi anasema yeye ndiye katikati, na vingine vyote viko pembeni. Mimi sijawahi kusoma kitu kama hiki."

"Umesikia, Nyumbu?" Kiboko akasema. "Haijawahi kusomwa."

"Udhaifu wa insha," Chura akasoma.

Korongo akabadili mguu. Fisi akaacha kutafuna.

"Udhaifu upo?" Kiboko akauliza, maji yakaanza kutikisika.

"Upo mmoja, mzee, ila si wako. Ni wa msomaji mbishi."

"Msomaji mbishi ndiye nani? Anakaa wapi nikamkalie?"

"Hana makazi maalumu. Lakini hizi insha za falsafa, mzee, lazima siku moja atazisoma. Na atasema hivi: huyu Kiboko anadai katikati ni yeye. Lakini wakati anaandika alikuwa kakaa chemchemini. Sasa tutajuaje kama katikati ni yeye, au katikati ni chemchemi na yeye kaikalia tu?"

"Mjinga huyo!"

"Mjinga wa kutupwa, mzee! Ndiyo maana tumzibe mdomo kwa masahihisho. Wewe toka majini, kaa pale ukingoni. Kama kweli katikati ni wewe, utaona mazingira yanakufuata."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulisikika, guruguru, kama mtu anasukuma kabati. Halafu akasimama. Pwooo! Akatoka, akaanza kuimba:

*Katikati nani? Ni mimi, pudu!*
*Pembeni ni nani? Ni nyinyi, pudu!*

Pudu, pudu, pudu, akakaa ukingoni. Nyuma yake jicho la chemchemi likafunguka: chururu.

"Angalia kushoto, mzee. Kuna nini?"

"Nyasi."

"Kulia?"

"Mawe."

"Nyuma?"

"Nyumbu."

"Vinakuzunguka?"

Kiboko akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, macho yakamtoka. "Vinanizunguka! Nimehama na bado vinanizunguka!"

"Vema!" Chura akasema, akachora vema nyekundu. "Alama kumi."

"Kumi tu?"

"Si mimi, mzee, ni yule mbishi. Namsikia anasema ukingoni na majini ni pale pale, Kiboko kasogea tu kama mtu anayepisha mgeni kwenye benchi. Nenda pale kwenye kichuguu. Ukizungukwa na pale, hana la kusema."

Kiboko akaangalia kichuguu. Mbali kidogo. Akaangalia jua, likamwangalia pia. Lakini thelathini ni thelathini.

*Katikati nani? Ni mimi, pudu!*
*Pembeni ni nani? Ni nyinyi, pudu!*

Pudu, pudu, pudu, mpaka kichuguuni. Chura nyuma, chopu, chopu, chopu, na daftari kichwani. Nyuma yao chemchemi: chururu, chururu.

"Kushoto kuna nini, mzee?"

"Miiba."

"Kulia?"

"Kichuguu."

"Nyuma?"

"Nyumbu tena! Huyu ananifuata?"

"Kila kitu kinakufuata, mzee. Vema! Alama ishirini."

Sasa jua likawa limepanda, mgongo wa Kiboko unachoma, chwaaa, kama mandazi kwenye mafuta. Na mnajua kiboko akipigwa jua anatoka jasho jekundu. Likamtiririka shavuni, likadondoka kwenye daftari, to, to, to.

"Kachura, natoka damu!"

"Damu wapi, mzee! Huo ni wino wa kusahihishia. Wewe umeiva mpaka unajisahihisha mwenyewe."

Korongo, aliyekuwa ameruka kuja kushuhudia, akakohoa akaangalia pembeni. Na Kiboko akafurahi. Mimi ningefurahi pia, nisiwadanganye. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia nina kichwa cha aina yake, nikatembea nacho kifua mbele mwaka mzima, mpaka dada yangu akanifafanulia.

"Zimebaki kumi," Chura akasema. "Msomaji mbishi kabakiwa na neno moja tu. Anasema nyasi, miiba na Nyumbu vipo kila mahali, vitamzunguka yeyote. Anataka aone maji. Yakikufuata maji, mzee, hoja imepita."

"Maji yananifuataje? Yana miguu?"

"Mzee! Wewe ndiye uliyeandika. Huiamini insha yako?"

Darasa likageuka kumwangalia. Kiboko akajikohoza. "Naiamini. Nani kasema siiamini? Niende wapi?"

"Kule bondeni, chini kabisa, kwenye lile bwawa kavu la zamani. Kaa katikati. Subiri."

Akaenda, Chura na darasa nyuma yake. Wimbo ukawa unatoka nusu nusu:

*Katikati nani... ni mimi... pudu...*
*Pembeni... pembeni... yalaa... pudu...*

Kushuka kwenyewe ilikuwa ni kuteleza, uzito unamsukuma. Akafika bondeni, akajibwaga katikati ya tope kavu, ulimi nje.

Na kule juu? Chemchemi haikuwa na mtu wa kuikalia. Maji yakajaa kona ya kwanza, yakajaa kona ya pili, viluwiluwi wakaanza kuogelea mpaka wakapotezana. Yakafika ukingoni, yakamwagika. Na maji yakimwagika yanakwenda wapi? Hayakusoma falsafa, yanajua kuteremka tu. Yakaitafuta njia yake ya siku zote, yakapita kichuguuni, chururu, chururu, chururu, yakaingia bondeni.

Kiboko akasikia ubaridi kwenye kwato.

"Kachura!" akapiga ukelele. "We kachura! Yanakuja!"

"Kushoto kuna nini, mzee?"

"Maji!"

"Kulia?"

"Maji!"

"Nyuma?"

"Maji, mama, maji!" Na akajitupa, chubwi! Bwawa likamfika tumboni, likamfika mgongoni, yakabaki masikio na pua, na ile pua inacheka.

Chura akachora vema ya mwisho, ndefu, yenye mkia. "Thelathini kwa thelathini!"

Darasa likapiga makofi. Wengine hawakupiga, walishapanda juu kunywa maji.

Mnaona kama imeisha? Bado. Kiboko akiwa na akili mbaya ni mbaya kweli. Alipopoa, akainuka kidogo. "Sasa mimi ndiye Mlinzi wa Chemchemi. Ngoja nirudi juu, nikae mahali pangu, nitoe amri."

Chura moyo ukampiga du, du, du. Lakini uso haukuonyesha, na uso wa chura mwenyewe mnaujua, hauna mambo mengi.

"Rudi tu, mzee," akasema. "Ila sijui nitamwambia nini yule mbishi."

"Nini tena?"

"Leo umethibitisha kuwa mazingira yanakufuata wewe. Sasa ukiyafuata kule juu, atasema, ahaa, kumbe Kiboko ndiye anayeyafuata mazingira! Hoja imeanguka. Na mimi msahihishaji itabidi nipunguze alama."

"Upunguze ngapi?"

"Kumi na tano hivi. Au kumi na sita."

Kiboko akarudi chini polepole kama mzigo unaoshushwa. "Sitoki," akasema.

"Hata mimi nisingetoka, mzee."

Korongo akamwandikia cheti, akamvalisha shingoni: Mlinzi wa Vyote Vinavyomzunguka. Na mpaka leo analinda. Akitoa amri, matete mawili yanatii, upepo ukiwepo. Kupe wamehamia bondeni naye, na Korongo kawafuata.

Kabla hajahama, Korongo akamwita Chura. "Bi Chura, wewe umepata sifuri. Ndiyo sheria, jirani yako ndiye aliyesahihisha."

"Nimeipata, mwalimu."

"Kwa hiyo umefeli. Utarudia darasa."

"Nitarudia wapi, mwalimu?"

"Hapa hapa."

"Ndani ya maji?"

"Ndani ya maji."

"Na watoto?"

"Na watoto. Mrudie wote."

Chura akainamisha kichwa kwa majonzi makubwa. "Adhabu nimeipokea, mwalimu," akasema, akarudi nyuma, chopu, chubwi.

Sasa fundisho, maana ngano bila fundisho wazazi hawaruhusu. Fundisho ni hili: watoto, someni kwa bidii, sifuri ni mbaya sana. Mmeona wenyewe. Aliyepata thelathini ana cheti na cheo, na aliyepata sifuri hana chochote, ana chemchemi tu. Tena muwaheshimu wakubwa, kila wanachoandika mkubali, mkubali mpaka wafike bondeni. Na asiwepo wa kuniiga mimi. Nilipata sifuri kama ya Chura, kitambi na vyote, nikasubiri na mimi nipewe chemchemi. Nikapewa jembe.

Nimefika ukingoni mwa ngano, nikiongeza neno nadumbukia. Mliosikia vizuri, kasimulieni. Mliosinzia, kaongezeeni.